Injini ya mvuke yapura ngano kuokoa kinu cha upepo

INJINI ya mvuke ndiyo iliyovipokonya kazi vinu vya upepo vya Uingereza katika karne ya 19. Leo, katika baadhi ya vijiji vya nchi hiyo, injini hiyo hiyo huwashwa moto baada ya mavuno ili kuvichangia vinu hivyo fedha za matengenezo.

Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Wanakijiji hutenga siku moja, kwa kawaida mwezi Agosti au Septemba. Mkulima mmoja hutoa uwanja na miganda ya ngano. Mwenye injini ya zamani huileta pamoja na mashine ya kupura. Wengine huoka mikate, huchemsha chai, husimamia maegesho ya magari na kukata tiketi langoni. Watu hulipa kiingilio ili waone ngano ikipurwa kama ilivyopurwa enzi za babu zao, na kinachobaki baada ya kutoa gharama huingia katika mfuko wa kinu.

Kwa mkulima au mfanyabiashara aliyezoea kupima kila jambo kwa faida, swali la kwanza ni moja tu: kuna fedha gani katika kupura ngano kwa mashine iliyopitwa na wakati? Jibu ni kwamba katika ngano yenyewe hakuna fedha ya maana. Fedha ipo katika kiingilio, unga, mkate, mabua na nguvu kazi isiyolipwa. Anayeelewa hesabu hiyo ataelewa kwa nini harambee nyingine za namna hii husimama miaka mingi na nyingine hufa.

Kinu kilichozaliwa na mfereji

Mfano mzuri wa kinu kinachoishi kwa michango na kazi za kujitolea ni kile cha Wilton, karibu na Great Bedwyn, katika jimbo la Wiltshire kusini mwa Uingereza. Ni mnara wa matofali wa ghorofa tano, uliojengwa mwaka 1821.

Sababu ya kujengwa kwake ni ya kiuchumi. Wakulima wa bonde lile walikuwa wakisaga nafaka zao katika vinu vya maji. Mfereji wa Kennet na Avon ulipokamilika mwaka 1810, kampuni ya mfereji ilichukua maji ya mto Bedwyn ili mashua za mizigo zipate kupita, na vinu vya maji vikakosa nguvu ya kuvizungusha. Mradi mkubwa wa usafirishaji ulimnufaisha mfanyabiashara wa mbali, ukamwacha msagaji wa karibu mikono mitupu. Kinu cha upepo kilijengwa juu ya kilima kuziba pengo hilo.

Kinu kilisaga kwa takriban miaka mia moja. Kufikia miaka ya 1920 kilikuwa kimesimama, na kwa miaka kama 50 kikaachwa kioze. Kazi ya kukifufua ilifanyika katika miaka ya 1970 na kikasaga tena kuanzia mwaka 1976. Mwenye mali ni serikali ya mtaa ya Wiltshire, lakini wanaokifungua kwa wageni, kusaga na kuuza unga wake ni wanachama wa kujitolea.

Kukifufua kinu, hata hivyo, si mwisho wa gharama. Mabawa ni ya mbao na hukaa kwenye mvua, jua na upepo mwaka mzima. Baada ya miongo miwili hivi, na pengine mapema zaidi, huhitaji kubadilishwa, na kazi hiyo hugharimu makumi elfu ya pauni. Paa linalozunguka kufuata upepo huvuja. Mawe ya kusagia huchongwa upya kadiri yanavyochakaa. Kwa sababu hiyo kinu hakihitaji mchango mmoja mkubwa tu, bali mapato madogo yanayokuja kila mwaka. Hapo ndipo siku ya kupura inapopata nafasi yake.

Jinsi mvuke ulivyoushinda upepo

Inakadiriwa kwamba katika kilele chake Uingereza ilikuwa na vinu vya upepo vipatavyo 10,000. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: upepo hauna ratiba. Msagaji angeweza kukaa wiki nzima bila kazi, kisha akesha usiku kucha kwa sababu upepo umekuja. Mteja hakuweza kuahidiwa siku.

Injini ya mvuke iliondoa tatizo hilo, kwani ilisaga saa yoyote ilimradi kuna makaa ya mawe. Pigo la mwisho lilikuja katika miaka ya 1870 na 1880, pale viwanda vilipoanza kutumia roli za chuma badala ya mawe. Roli zilitoa unga mweupe uliopendwa mijini, na viwanda vikajengwa bandarini ambako ngano ya bei nafuu kutoka Marekani ilishushwa. Kinu cha kijijini, kilichokuwa kikisaga ngano ya jirani, kilibaki kusaga chakula cha mifugo, na hatimaye kikafungwa.

Kinu cha Heckington, jimbo la Lincolnshire, kinaonyesha jinsi wasagaji walivyopambana. Kilijengwa mwaka 1830 kikiwa na mabawa matano. Dhoruba ya mwaka 1890 iliyavunja, na msagaji John Pocklington akanunua mabawa manane na paa la kinu kingine kilichokuwa kimefungwa mjini Boston, akavifunga juu ya mnara wa Heckington. Kiliendelea kusaga hadi mwaka 1946, na leo ndicho kinu pekee cha mabawa manane kilichobaki Uingereza. Pocklington alinunua mali ya mwenzake aliyeshindwa, kwa bei ya kitu kilichotumika, akarefusha maisha ya biashara yake kwa zaidi ya nusu karne.

Mashine iliyozusha ghasia

Mashine ya kupura nayo ina historia yenye uchungu. Mskoti Andrew Meikle aliiunda mwaka 1786. Kabla ya hapo nafaka ilipurwa kwa mkono sakafuni ghalani, kwa fimbo mbili zilizounganishwa kwa ngozi. Ilikuwa kazi ngumu, yenye vumbi na malipo duni, lakini ilikuwa kazi ya miezi ya baridi, wakati kibarua wa shambani hakuwa na kingine cha kumpatia mkate.

Wakulima wakubwa walipoanza kutumia mashine, zilizozungushwa wakati huo na farasi au maji, kibarua alipoteza kipato cha msimu mzima. Agosti 1830 mashine ya kwanza ilivunjwa na vibarua huko Lower Hardres, jimbo la Kent. Ghasia zikaenea kusini mwa nchi, na Wiltshire ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoathirika zaidi. Serikali ilijibu kwa mkono mzito: watu 19 walinyongwa, karibu 500 wakapelekwa makoloni ya Australia, na mamia wakafungwa.

Mashine haikurudi nyuma. Ilichelewa katika baadhi ya maeneo, lakini kuanzia miaka ya 1840 injini za mvuke za kukokotwa na farasi zilianza kuizungusha, na baadaye zikaja zenye kujiendesha zenyewe barabarani. Kampuni kama Fowler ya Leeds, Burrell ya Thetford, Marshall ya Gainsborough na Ransomes ya Ipswich zilijijengea jina kwa zana hizo.

Wakulima wengi hawakununua. Bei ilikuwa kubwa mno kwa mashine inayotumika siku chache kwa mwaka. Badala yake walijitokeza watu waliomiliki injini na mashine ya kupura, wakazunguka shamba hadi shamba na kutoza ujira. Mkulima wa mpunga anayemwita mwenye mashine ya kupura na kumlipa kwa gunia hahitaji kuelezwa zaidi. Mpango ni ule ule, umepishana karne moja na nusu.

Kombaini, inayovuna na kupura kwa pamoja, ndiyo iliyofunga ukurasa huo. Ilienea Uingereza katika miaka ya 1940 na 1950, na injini nyingi za mvuke zikauzwa kama chuma chakavu. Mwaka 1950, katika kijiji cha Appleford, mkulima Arthur Napper alishindana mbio za injini na mwenzake kwa dau la pombe. Mbio hizo zilivuta watazamaji, zikarudiwa, na kutokana nazo ukazaliwa utamaduni wa maonyesho ya mvuke. Chuma kilichokuwa kikiuzwa kwa uzito kikaanza kupanda bei.

Kazi ya siku yenyewe

Siku ya kupura huanza alfajiri. Boila baridi huhitaji saa mbili au tatu hadi mvuke upate nguvu ya kutosha. Wakati huo mashine ya kupura husawazishwa uwanjani kwa kipimo cha maji, kwa sababu ikiinama kidogo tu nafaka hukusanyika upande mmoja na chekecheke hushindwa kufanya kazi.

Injini huegeshwa mbali na mashine, ili cheche zisifike kwenye miganda, na kati yao hupita mkanda mrefu bapa. Gurudumu kubwa la injini huzunguka polepole, lakini kwa tofauti ya ukubwa wa magurudumu ngoma ya kupura hufikia takriban mizunguko 1,000 kwa dakika.

Kundi la watu wanane hadi kumi na wawili hugawana kazi. Wawili huirusha miganda juu ya mashine. Mmoja hukata kamba, na mwingine huilisha ngoma taratibu, akitanguliza masuke. Ndani, nafaka hutengana na mabua, feni hupeperusha makapi, na machekecheke hugawa punje katika madaraja: nzima huingia gunia lake, ndogo lake, na zilizovunjika hubaki kwa ajili ya kuku. Mmoja husimamia magunia, wengine hupanga mabua, na yule aliyechelewa kufika hupewa kazi ya makapi, kwa sababu ndiyo yenye vumbi kuliko zote.

Gunia la ngano la Uingereza ya zamani lilikuwa na uzito wa kilo 114, na wanaume walilipandisha ngazi za ghala mgongoni. Huo ulikuwa uzito rasmi, bila lumbesa. Siku hizi waandaaji hutumia magunia madogo, kwa kuwa hakuna anayetaka mtu wa kujitolea aumie mgongo.

Kwa kasi, hakuna ushindani. Kombaini kubwa ya leo hupura kwa saa moja zaidi ya kile ambacho mashine hii ilipura kutwa nzima.

Hesabu ya mfuko

Kwa sehemu kubwa ya miaka 2024 na 2025, ngano ya chakula cha mifugo nchini Uingereza iliuzwa chini ya pauni 200 kwa tani. Kijiji kikipura tani mbili, mauzo ya nafaka hayatafika pauni 400. Kiasi hicho kinaweza kuishia kwenye makaa, usafiri wa injini na vyoo vya kukodi.

Chukua sasa mfano wa hesabu, kwa bei za kukadiria tu. Wageni 600 wakilipa pauni 5 kila mmoja, lango linaingiza pauni 3,000. Tani moja ya ngano ikisafishwa, ikakaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 15 na kusagwa kwa mawe bila kuondoa pumba, hutoa karibu tani nzima ya unga. Ukiuzwa katika mifuko midogo kwa pauni 2 kwa kilo, unaleta karibu pauni 2,000. Ngano ni ile ile. Kilichoongezeka ni kusaga, kufunga, na jina la kinu juu ya mfuko. Ukioka mkate na kuuza vipande na siagi hapo hapo uwanjani, thamani hupanda tena.

Sheria ya kodi nayo husaidia. Chama cha hisani kilichosajiliwa kinaweza kudai serikalini senti 25 kwa kila pauni moja ya sadaka iliyotolewa na mlipa kodi aliyejaza fomu. Mchango wa pauni 100 huwa pauni 125. Ndiyo maana katika hafla hizi, kando ya kisanduku cha michango, huwepo fomu na kalamu.

Ipo faida nyingine ambayo haionekani katika kisanduku cha fedha. Wafadhili wakubwa, ukiwamo mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa, hupenda kuona wenyeji wametia chao kwanza. Saa za kujitolea zilizoandikwa vizuri huhesabiwa kama mchango. Siku moja ya kupura yenye watu 40 wa kujitolea ni ushahidi kwamba kinu kina wenyewe.

Mabua yenye soko

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba mashine ya zamani ina bidhaa moja ambayo kombaini haiwezi kuitoa: mabua marefu yasiyovunjika.

Maelfu ya nyumba za kusini mwa Uingereza bado zimeezekwa kwa mabua ya ngano, na nyingi zinalindwa na sheria hivi kwamba mwenye nyumba hawezi kubadilisha paa apendavyo. Mwezekaji anahitaji bua refu na imara. Mbegu nyingi za kisasa zimezalishwa ziwe fupi ili ngano isilale, na kombaini huyasaga mabua yake. Kwa hiyo wapo wakulima wanaoendelea kupanda mbegu za zamani zenye bua refu, kama Maris Widgeon ya miaka ya 1960. Hupunguza mbolea ya naitrojeni ili bua lisilegee, huvuna kwa mashine ya kufunga miganda kabla ngano haijakauka kabisa, na kupura kwa mashine za kale zilizofungwa kifaa cha kuchana mabua.

Kwa wakulima hao nafaka ni zao la pili, na mabua ndiyo zao la kwanza. Kamati ya kinu inayopata shamba la ngano ya aina hiyo huwa na bidhaa mbili za kuuza kutoka kwenye mganda mmoja.

Gharama zinazopanda

Hata hivyo, si kila hafla ya mvuke hubaki na faida. Maonyesho makubwa kuliko yote, Great Dorset Steam Fair, yalianza mwaka 1969 na kukua hadi kuwa mji mdogo wa mahema kwa siku kadhaa. Yalifanyika mara ya mwisho mwaka 2022, kisha waandaaji wakatangaza kwamba gharama za kuyaendesha zimewashinda. Ukubwa haukuwa kinga. Uzio, ulinzi, umeme na mahema ya kukodi hulipwa hata kama wageni hawakuja.

Makaa ya mawe nayo yamekuwa tatizo. Injini moja inaweza kuteketeza robo tani au zaidi kwa siku. Mgodi wa Ffos-y-fran huko Wales, uliokuwa chanzo muhimu, ulifungwa mwaka 2023, na wenye injini sasa hutegemea makaa ya nje au yaliyotengenezwa kiwandani. Boila ni lazima ikaguliwe na mtaalamu kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2000, na bila bima hakuna mwenye uwanja atakayekubali umati karibu na mkanda unaozunguka.

Mvua ni adui mwingine. Mkanda ukilowa huteleza, miganda mibichi huziba ngoma, na wageni hubaki majumbani. Kamati zenye busara huweka akiba ya kuvumilia mwaka mmoja mbaya, na hazitangazi mapema kwamba fedha za siku hiyo ndizo zitakazonunua bawa jipya.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa mafundi. Kazi ya fundi wa vinu imo katika orodha ya kazi za mikono zilizo hatarini kutoweka Uingereza. Fedha zinaweza kuwapo na fundi akakosekana, au akapatikana baada ya kusubiri muda mrefu huku mbao zikiendelea kuoza. Baadhi ya makundi yanayotunza vinu hujibu hilo kwa kuwafundisha vijana kuchonga mawe na kupaka rangi mabawa, kazi ndogo ambazo zikifanywa kwa wakati huzuia kazi kubwa.

Somo kwa wenye mashine zilizolala

Mkulima mdogo au chama cha ushirika chenye mashine iliyosimama kinaweza kuchukua mambo manne hapa.

Kwanza, mashine ikishindwa kushindana kwa kasi, itafutiwe kitu ambacho ile mpya haiwezi kukitoa. Kwa Waingereza ni bua refu na unga wa jiwe.

Pili, faida kubwa haiko katika kuuza nafaka mbichi. Tofauti kati ya tani ya ngano na tani ya unga uliofungwa vizuri ndiyo inayotunza kinu.

Tatu, nguvu kazi ya kujitolea ni mtaji, na kama mtaji mwingine wowote inapaswa kuandikwa, kuheshimiwa na kutopotezwa. Watu wanaokaribishwa chakula na kupewa taarifa ya mapato na matumizi hurudi mwaka unaofuata. Wasiojua fedha zilikwenda wapi hawarudi.

Nne, matengenezo yapangiwe mapato ya kila mwaka tangu mwanzo. Kinu cha Wilton kilikaa nusu karne kikioza kwa sababu kilipoacha kuleta faida hakuna aliyekuwa na mpango wa kukitunza. Kukitia mafuta na rangi kila msimu kungegharimu kidogo kuliko kukijenga upya.